Bati, vizibo na chuma cha kutu: namna ya kutazama sanaa isiyo na picha

Mtu akisimama mbele ya bati lenye kutu lililotundikwa ukutani, na kando yake pana kikaratasi chenye jina la msanii, swali linalomtoka kwanza ni moja: "Hii ni picha ya nini?" Akikosa jibu, ama atanyamaza asije akaonekana mshamba, ama atasema wazi kwamba watu wanachezewa akili. Simlaumu yeyote kati yao. Swali hilo limetufaa kwa muda mrefu. Mchoro wa Tingatinga una chui na kanga, kinyago cha ujamaa kina watu waliobebana, na picha ya rais ofisini ni ya rais. Tumezoea kazi ya sanaa itupeleke kwenye kitu kingine.

Hata hivyo, sanaa dhahania, yaani ile isiyo picha ya kitu chochote, si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wanaouita mawingu, ambamo gogo la mpingo hubaki mikunjo, matundu na migongo inayoteleza. Mnunuzi anayeshika kinyago cha namna hiyo hukizungushazungusha mkononi, akakipapasa, akakipima uzito. Tayari anakitazama inavyotakiwa. Ugumu huja pale mpingo unapoondoka na mahali pake pakaja vitu vya kiwandani: bati, nondo, vizibo vya chupa, mabamba ya chuma, mirija ya plastiki. Vitu hivi tunavijua kwa kazi nyingine, kwa hiyo macho yanavipita haraka.

Ninachopendekeza ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza ni picha ya nini, uliza: kitu hiki kimefanywa nini? Kimepigwa, kimekunjwa, kimechomwa, kimetobolewa, kimenyeshewa? Na sasa kinasimama kwa nguvu gani? Majibu ya sehemu ya kwanza yako kwenye uso wake, na ya sehemu ya pili yako kwenye umbo lake. Ukiyashika hayo mawili, kazi nyingi zilizokuwa bubu zitaanza kusema.

Uso wa bati

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amelala chini yake. Chukua bati la kuezekea ambalo halijapakwa rangi, ulishike juani na uliinamishe kidogo. Utaona maua: mabaka yenye kona kona, mengine yaking'aa na mengine meusi, yamebanana kama vigae. Ukilisogeza kidogo, lililokuwa jeusi linang'aa na lililokuwa liking'aa linazimika. Hakuna aliyeyachora. Chuma kilitumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi, na ilipopoa zinki ikaganda kwa fuwele, kila fuwele ikielekea upande wake. Ndiyo maana kila moja inarudisha mwanga kivyake. Kwenye mabati mengi ya siku hizi maua ni madogo hata ni tabu kuyaona, lakini yale ya zamani yana maua makubwa kama kiganja cha mtoto.

Zinki iko pale iliwe badala ya chuma. Mvua na hewa huishambulia kwanza, na kwa miaka bati hupauka tu, likawa la kijivu, pengine likatoa unga mweupe. Zinki ikiisha, kutu inaingia. Inaanzia kwenye misumari, kwenye mikunjo na pale maji yanapotuama, kisha inachuruzika kufuata mteremko wa paa. Rangi zake zinaanzia manjano ya bizari, zinapita kwenye kahawia na kuishia karibu na nyeusi. Sisi wa pwani tunalijua hili mapema kuliko watu wa bara, kwa sababu upepo wa chumvi hauna subira. Kwa hiyo bati kuukuu linaonyesha wapi maji yalipita, wapi msumari ulipigwa, upande gani uliegemea ukuta na upande gani ulipigwa na mvua. Ni kumbukumbu kamili, ila haijaandikwa kwa herufi.

Msanii aliyeisoma kumbukumbu hiyo vizuri ni Naomi Wanjiku Gakunga, mzaliwa wa Kenya anayeishi San Antonio, Texas. Anatumia mabati na waya wa chuma. Mabati huyaacha nje yanyeshewe, na kutu inayotokea ndiyo rangi yake. Kisha anayakata, anayakunja na kuyaunganisha kwa waya, kwa ufundi unaotokana na usukaji aliouona nyumbani. Nyuma ya kazi hiyo kuna historia mahususi. Baada ya uhuru, akina mama wa Kenya ya kati walijiunga katika vikundi, wakachanga fedha na kuezekana mabati kwa zamu, nyumba hadi nyumba, hadi kila mwanachama awe ametoka kwenye nyasi. Paa la bati lilileta faida ambayo nyasi haikuwa nayo: maji safi ya mvua kwenye pipa mlangoni, na safari chache za mtoni.

Ukijua hayo, usikimbilie kusema kwamba kazi yake "inawakilisha" akina mama wale. Irudie kwa macho. Angalia pale bati, kitu kigumu kinachokata vidole, linapolazwa na kukunjwa hadi likakaa kama nguo. Angalia mahali kutu ilipokolea na mahali ilipogoma, maana msanii hakuipaka kwa brashi. Aliweka bati nje, akachagua muda, akachagua lipi libaki na lipi litupwe. Sehemu kubwa ya kazi ni huko kuchagua, na hakuna njia ya kuuona uchaguzi huo isipokuwa kwa kukaribia.

Vizibo vya Nsukka

El Anatsui alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, na tangu 1975 alifundisha uchongaji Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwaka 1998 aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe kali karibu na mji huo. Hakujua mara moja avifanye nini. Baadaye alianza kuvibapa na kuviunganisha kwa waya wa shaba, na kazi zilizotokana na mfuko ule zimetundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Kwa mbali, kazi hizi zinaonekana kama kitambaa kikubwa cha dhahabu na chekundu. Watu wengi huishia hapo: ni kente, kile kitambaa cha kufumwa cha Ghana, ila ya chuma, basi. Nadhani ni kuishia mapema mno. Sogea hadi hatua mbili kutoka ukutani, uanze kuhesabu namna kizibo kilivyotendwa. Kizibo cha chupa ya konyagi au wiski kina kifuniko cha juu na pete inayobaki shingoni mwa chupa. Pete ikikatwa na kubapwa inatoa kipande chembamba chenye jina la pombe. Ikikunjwa mara kadhaa inatoa kijiti kinene. Ikisokotwa inatoa kamba. Kifuniko kikipondwa kinakuwa duara, na pete tupu zikiungwa zenyewe kwa zenyewe zinatoa wavu unaoonyesha ukuta nyuma yake. Kila aina ina mwanga wake: iliyobapwa inang'aa, iliyokunjwa inashika kivuli, wavu unapitisha. Mchoro wote umejengwa kwa tofauti hizo. Rangi zenyewe ni za kiwandani, walizochagua wenye pombe.

Kuna jambo jingine ambalo huonekana ukikaa dakika chache. Vipande havifanani. Kazi hizi hushonwa na vijana wengi wa Nsukka wakiwa karakana moja, na kila mmoja ana mkono wake: huyu anakaza waya, yule anauachia, mwingine anakunja kona kwa usahihi wa fundi cherehani. Msanii huyapanga mabamba yao sakafuni, anayahamisha, anayaunga. Mikono yote hiyo imebaki usoni mwa kazi.

Umbo nalo lina siri yake, na siri hiyo ni alumini. Kama vingekuwa vizibo vya soda, vile vya chuma vyenye meno, pazia la ukubwa huo lingekuwa zito na kakamavu, lisiloweza kukunjwa. Alumini ya chupa za pombe kali ni nyembamba na nyepesi, inatii kidole gumba. Ndiyo maana kazi kubwa sana inaweza kukunjwa ikaingia kwenye sanduku, ikasafirishwa, na ikifika ikatundikwa kwa namna tofauti na ilivyokuwa mji uliopita. Anatsui anawaachia wanaopokea kazi waamue mikunjo iingie wapi. Kazi haina umbo moja la kudumu. Mwaka 2023 alitundika kazi tatu kubwa katika ukumbi wa mitambo wa zamani wa Tate Modern, London, jengo lililokuwa kituo cha kuzalisha umeme, na watu waliweza kupita kati yake wakiona mbele na nyuma.

Halafu kuna historia ya kitu chenyewe. Pombe kali ilifika Afrika Magharibi kwa merikebu za wafanyabiashara wa Ulaya na ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa kwa watu waliouzwa utumwani. Huhitaji mchoro wa mnyororo kulisema hilo wakati majina ya pombe yako mbele ya pua yako kwa maelfu. Hapo kitu cha kiwandani kinaweza jambo ambalo rangi ya mafuta haiwezi: kinakuja na maisha yake ya awali, wala hakifutiki.

Uzito unaoonekana

Kwa upande wa umbo, mwalimu mkali zaidi ni Richard Serra, msanii Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1938 na kufariki 2024. Baba yake alifanya kazi kwenye karakana ya meli, na yeye mwenyewe alijilipia masomo kwa vibarua vya viwanda vya chuma. Mwaka 1969 alisimamisha mabamba manne ya madini ya risasi, kila moja la kilo 227 hivi, yakiegemeana kwenye kona. Hakuna bolti, hakuna kuchomelea. Kinachozuia bamba la kwanza lisianguke ni la pili, na kinachozuia la pili ni la tatu. Ukilitazama, mwili unaelewa kabla ya akili. Unarudi nyuma nusu hatua. Umbo hapo ni tukio linaloendelea wakati unalitazama: mabamba yanashikana, sasa hivi, na yakiacha yanaanguka.

Kazi yake ninayowahimiza zaidi wasomaji walioko Ghuba iko Qatar, kwenye jangwa la Brouq, upande wa Zekreet. Tangu 2014 yamesimama mabamba manne ya chuma, yamepangwa kwa mstari wa zaidi ya kilomita moja. Mawili yana kimo cha mita 14.7 na mawili mita 16.7. Tofauti hiyo ya mita 2 ndiyo ufunguo. Ardhi pale inapanda na kushuka kidogo kidogo, kiasi kwamba mtu akitembea hahisi. Serra alipima hadi ncha za mabamba yote zikawa sawa. Simama kwenye moja utazame mengine: ncha ziko sawa, miguu haiko sawa, na ghafla jangwa ulilodhani ni tambarare linaonyesha mteremko wake. Chuma hakionyeshi picha ya jangwa. Kinalipima, nawe unasoma kipimo kwa macho.

Rangi yake ya kahawia ni kutu pia, lakini kutu ya aina nyingine. Chuma hiki huchanganywa na shaba na kromiamu kidogo, na kutu yake, badala ya kumeguka magamba kama kwenye bati la choo cha nje, hushikamana ikawa ngozi ngumu inayopunguza ulaji wa ndani. Ili ngozi hiyo ikomae, chuma kinahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Pakiwa na chumvi nyingi hewani ngozi haikomai vizuri, jambo la kufikiriwa na yeyote anayeota kusimamisha kazi kama hiyo Mombasa au Tanga.

Si kila mtu alimpenda Serra, na historia moja inafaa kukumbukwa. Mwaka 1981 aliweka ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 hivi na kimo cha mita 3.6, katikati ya uwanja wa ofisi za serikali ya Marekani mjini New York. Wafanyakazi waliokatiza uwanja ule kila siku sasa walilazimika kuuzunguka. Walilalamika, kikao cha hadhara kikafanyika 1985, na mwaka 1989 kazi ikakatwa na kuondolewa. Watetezi wake walisema wale watu hawakuelewa sanaa. Mimi naona waliielewa barabara: walilihisi umbo lile kwa miguu yao, asubuhi na jioni, na wakakataa. Mtu anaweza kuielewa kazi ya sanaa kikamilifu na bado asiitake mlangoni pake.

Nje nadhifu, ndani manyoya

Msanii Eva Hesse alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi, akakulia New York, na akafa 1970 akiwa na miaka 34 tu. Katika miaka michache alifanya jambo ambalo wenzake wa wakati ule, wapenda maboksi yaliyonyooka, hawakulithubutu. Kazi yake moja iliyoko makumbusho ya Detroit ni boksi la mabati yenye zinki, lililo wazi juu, kila upande sentimita 78 hivi. Kuta zake zina matundu zaidi ya 30,000, na katika matundu hayo ilipitishwa mirija myembamba ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono. Nje mirija imelala sawasawa, unadhani ni mkeka uliosukwa. Ndani ncha zote zimesimama, zimejaa kama manyoya au kama kitu cha baharini kilichofumbua mdomo.

Hapa uso na umbo vinapingana. Umbo linasema hesabu, kiwanda, utaratibu. Uso wa ndani unasema mwili. Ukisimama nje tu unaona boksi; lazima uiname juu yake ndipo kazi ianze. Na ukiisha kuinama, mkono unataka kuingia, kisha unasita. Alichotengeneza msanii ni huko kusita.

Kazi zake nyingine alizifanya kwa utomvu wa mpira, na utomvu, kama ajuavyo yeyote aliyeweka kandambili za mpira juani, hukauka, hubadilika rangi na kukatika. Baadhi ya kazi hizo zimekuwa kahawia na dhaifu hata hazioneshwi tena. Vitu vya kiwandani vina umri, na anayevitumia anaweka saa ndani ya kazi yake.

"Hata fundi wa mtaani anaweza"

Ni kweli, anaweza. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, usikilize nyundo. Fundi anayegeuza pipa kuwa sanduku au kikaango anajua mambo ambayo mhitimu wa sanaa hujifunza kwa shida: geji ya bati, yaani unene wake, kwa kulipapasa, wapi likunjwe bila kupasuka, mlio wa bamba lililokaza na mlio wa lililolegea. Naamini kwa dhati kwamba fundi huyo ndiye mtazamaji bora wa sanaa hii, kwa sababu akiona kovu la nyundo anajua ni nyundo gani na ilipigwa kwa hasira au kwa utulivu. Tofauti iko kwenye lengo. Yeye alama nyingi huzifuta kwa msasa na rangi, maana mteja anataka sanduku. Msanii anaziacha, anazipanga, anazifanya ndizo jambo lenyewe.

Wala si kila bati lenye kutu ukutani ni kazi nzuri. Siku hizi kuna sifa moja inayotolewa kwa urahisi mno: "Amegeuza taka kuwa sanaa." Usafi wa mazingira ni jambo jema, ila hautoshi kuwa kipimo cha kazi. Jiulize: ningeambiwa kwamba vizibo hivi ni vipya, vimetoka kiwandani jana, ningeendelea kutazama? Kwa Anatsui jibu ni ndiyo, kwa sababu ya mikunjo, mwanga na wingi wa mikono. Kwa kazi nyingi zilizobandikwa chupa za plastiki kwenye ubao na kuitwa ujumbe, jibu ni hapana. Ukishasoma ujumbe umemaliza.

Ukipata nafasi ya kwenda kutazama, pengine kwenye kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, ambako karakana za wasanii zenyewe ziko ndani ya makontena ya meli, anza mbali, usogee hadi uone mikwaruzo, kisha uende ubavuni. Ubavu husahauliwa, na ndiko unene wa bati, kina cha mkunjo na uongo wa gundi vinakoonekana. Soma kikaratasi baada ya kutazama, na usome zaidi mstari unaotaja vifaa kuliko jina la kazi. Usiguse, hata mkono ukiwasha: jasho lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole kwenye chuma kisichopakwa rangi huweza kubaki miaka. Ukipiga picha kwa simu, zima mwanga wake, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta mabonde na migongo yote. Subiri dirisha au taa iliyo upande mmoja, upige kutoka pembeni.